Raketi sita, mfukoni dola 156

MIMI na tenisi tunafahamiana siku nyingi, ila hatujawahi kupatana. Nikiwa darasa la tano nilikuwa muokota mipira kwenye klabu moja ya wakubwa hapa Dar. Malipo yenyewe senti, na siku bwana mkubwa akifungwa hata hizo senti huzioni, unaambulia matusi ya Kiingereza. Tangu hapo nikajiwekea kichwani kwamba ule ni mchezo wa watu wasiojua bei ya dagaa. Ukinitajia tenisi mimi naona kaptura nyeupe, maji ya machungwa na gari la kiyoyozi linasubiri kivulini.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Mwezi Novemba 2022 dada yangu wa damu, anayeishi Champaign, jimbo la Illinois kule Marekani, alinipigia simu usiku wa manane. "Kaka, njoo uongee na mpwa wako, mimi ameshanishinda." Nikadhani bangi. Nikadhani amempa mimba binti wa watu. Kumbe wapi! Kijana anataka kuacha chuo akacheze tenisi ya kulipwa. Na mtaji wa hiyo kazi anautaka kwa mama yake, dola 18,000, ambazo dada amezikusanya kwa miaka akilea wazee zamu ya usiku ili amalizie nyumba yake Kibaha. Hiyo nyumba naisimamia mimi, na wakati huo ilikuwa imesimama usawa wa lenta tangu 2019, popo wanaingia na kutoka kama wapangaji.

Tiketi ya ndege alilipa dada, tusidanganyane. Kwa hiyo nilikwenda kama wakili aliyekwisha kulipwa.

Champaign iko kusini ya Chicago, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, nchi tambarare kama imepigwa pasi, mahindi na soya kushoto kulia mpaka macho yachoke. Imepakana na mji mwingine uitwao Urbana, huwezi kujua unaishia wapi huu na unaanzia wapi ule, na katikati yake kimejaa Chuo Kikuu cha Illinois. Waheshimu mahindi, watu wale! Ndani ya chuo wana shamba la majaribio lililoanza mwaka 1876, na walipojenga maktaba pembeni yake waliichimbia chini ya ardhi ili isije ikayatia mahindi kivuli. Wakongomani nao wako wengi pale. Dukani siku ya kwanza mama mmoja wa Bukavu alinisikia nikigombana na mashine ya kulipia, akaniambia, "Jambo papa, bonyeza hapa." Nikajisikia niko Kariakoo.

Turudi kwenye kesi. Mpwa wangu alikuwa na miaka 20, mwaka wa tatu, anasomea uhasibu kwenye chuo kidogo cha jirani, na nusu ya ada yake inalipwa kwa sababu ya hiyo hiyo tenisi. Kijana mpole, shikamoo mjomba mara tatu kwa siku. Chumbani kwake amebandika picha ya Arthur Ashe, na kwenye friji jikoni dada naye amebandika ya kwake: karatasi ya dola 156.

Hiyo karatasi ndiyo kielelezo namba moja cha mashtaka. Kiangazi kile kijana alikuwa ameingia mashindano ya daraja la chini kabisa la tenisi ya kulipwa, yanaitwa M15, yalifanyika kwenye chuo kikuu kimoja mbali kidogo. M15 maana yake zawadi za wachezaji wote zikijumlishwa ni dola 15,000. Bingwa anachukua 2,160. Anayefungwa raundi ya kwanza anachukua 156, kabla ya kodi. Kijana alipita mchujo, akashangilia, akaingia raundi ya kwanza, akafungwa. Dada, kwa mkono wake, ameandika pembeni ya ile karatasi: petroli 96, moteli siku tano 310, nyuzi za raketi 66, chakula 120, ada ya kuingia 40. Jumla 632. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: HASARA 476.

"Na huyu ndiye anayesomea uhasibu," dada akaniambia.

Kwa kanuni za michezo ya vyuo za wakati ule, mwanafunzi hakuruhusiwa kuchukua zawadi inayozidi gharama zake. Kwa mpwa wangu sheria hiyo haikuwa na taabu yoyote.

"Mjomba," kijana akasema, "kabla hujanihukumu twende ukaone mwenyewe." Bahati nzuri wiki ile ile palikuwa na mashindano palepale chuo kikuu, kwenye kituo chao cha tenisi kinaitwa Atkins. Haya ni ya daraja la Challenger, yaani ngazi inayofuata juu ya zile M15 na M25. Nikitafsiri kwa lugha yetu, Wimbledon na US Open ndiyo Kombe la Dunia, chini yake kuna ligi kuu inayozunguka miji mikubwa, Challenger ni daraja la kwanza, na M15 ni mchangani, japo mchanga wenyewe wa sakafu ya saruji.

Mnaweza kuuliza, kama nilivyouliza mimi, chuo kikuu kinatafuta nini kwenye biashara ya watu wa kulipwa? Jibu ni rahisi. Chuo ndicho chenye viwanja vilivyojengwa tayari, taa, vyumba vya kuvalia na wanafunzi wa kusaidia kazi. Kule nje baridi ya Novemba inakata masikio, humu ndani viwanja sita vimepangwa chini ya paa moja kama vitanda vya hospitali. Na vijana wa chuo hupewa nafasi chache za kuingia bila foleni, wakajipime na watu wazima.

Nilivyoingia nilipigwa butwaa. Nilitegemea wale mabwana wa kaptura nyeupe. Nikakuta vijana wamevaa soksi zimetoboka kidoleni, wanakula ndizi na mkate walioleta kwenye mfuko wa plastiki, wengine wamelala chini ukutani na begi la raketi kichwani kama abiria wa treni ya Kigoma waliokosa behewa. Mmoja anajifunga plasta kidoleni mwenyewe kwa meno. Hakuna daktari binafsi, hakuna mpambe. Wengi walikuwa wanalala kwenye nyumba za familia za pale mjini, wenyeji wanajitolea chumba na staftahi, kama sisi tunavyopokea wanakwaya wa usharika mwingine.

Na mchezo wenyewe, jamani, msidanganywe na televisheni. Kwenye televisheni unaona mpira unaelea. Ukikaa hatua kumi kutoka kwenye wavu unasikia mlio kama bunduki, na paa lile linaurudisha tena. Mtu mmoja aliyetoka nje raundi ya kwanza, mtu ambaye dunia nzima haimjui, alikuwa anapiga mipira ambayo mimi ningeambiwa niipokee ningemwita kwanza mke wangu nimuage.

Basi nikasahau niko wapi. Kijana mmoja alipookoa mpira wa kufa nikapiga kelele, "Weka haponi huyo!" Viwanja vitatu vikasimama. Mwamuzi akanitazama. Mpwa wangu akazama ndani ya koti lake. Kumbe kule huruhusiwi hata kwenda msalani mpaka wabadilishane pande. Mimi mtu wa Simba na Yanga nimenyamazishwa kama mtoto wa madrasa.

Siku ile ile jioni tukapata abiria. Kijana wa nchi moja ya Amerika ya Kusini, miaka 27, ametolewa kwenye mchujo, anataka lifti mpaka kituo cha basi. Mpwa wangu akajitolea haraka, maana kwake ilikuwa kama kumbeba waziri. Jamaa akaingia nyuma na begi lake. Raketi sita.

Njiani mpwa wangu akamuuliza, kwa adabu, mwaka huu umeingiza kiasi gani. Jamaa akacheka. Akasema afadhali umuulize anadaiwa kiasi gani, hilo analijua kwa kichwa. Akatusimulia. Mwezi huu alipanga chumba na wenzake watatu, mmoja analala bafuni kwenye beseni. Usiku anawafungia wenzake nyuzi za raketi kwa ujira, mashine amenunua kwa mkopo. Kiangazi anakwenda Ujerumani kuchezea klabu ya mji mmoja mdogo, wale wanamlipa kwa kila mechi na wanampa chumba, na hizo ndizo pesa zinazomlisha mwaka mzima. Wazazi waliuza gari alipokuwa na miaka 19.

"Na bado unacheza kwa nini?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokotea mipira.

Akafikiri mpaka taa ikawa kijani. Akasema wiki iliyopita alimchukulia seti moja mtu aliye katika 150 bora wa dunia. Akasema hivyo tu, akateremka, akatushukuru, akaingia kituoni akiburuta lile begi.

Mpwa wangu aliendesha kimya mpaka nyumbani. Nikasema moyoni, kesi imekwisha, nimeshinda bila hata kufungua mdomo. Nikala ugali wa dada kwa raha zangu.

Ndiyo ikaja Jumapili, tarehe 20.

Siku hiyo ndiyo Kombe la Dunia la mpira lilifunguliwa Qatar, wenyeji wakafungwa 2–0 na Ecuador, na mimi nikakubali kwenda kutazama tenisi. Mnaonijua mtapima wenyewe uzito wa hilo. Fainali ilikuwa kati ya Aleksandar Vukic, Mwaustralia aliyesoma hapohapo Illinois, na kijana wa miaka 20 anaitwa Ben Shelton, mweusi mwenzetu, anapiga kwa mkono wa kushoto. Wenyeji wengi walikuwa na Vukic wao, na mimi nikamfuata mwenyeji, ndiyo adabu ya mgeni.

Mpwa wangu alikuwa amenieleza habari za Shelton mpaka nimezikariri. Mwezi Mei mwaka ule ule, hapohapo chuoni, huyu kijana alitwaa ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani akiichezea Florida. Hakuna pesa, unapewa kombe na makofi. Agosti akaamua kuwa wa kulipwa. Novemba akashinda Challenger ya Charlottesville, wiki iliyofuata akashinda ya Knoxville, na sasa yuko hapa wiki ya tatu mfululizo.

Seti ya kwanza Vukic akamchapa 6–0. Nikamtazama mpwa wangu. Uso umemshuka kama aliyefiwa. Mtoto ana wiki tatu hajapumzika, nikasema, miguu imekwisha. Ya pili Shelton akachukua 6–3. Ya tatu 6–2. Alipomaliza, mpwa wangu alikuwa amenishika mkono hapa juu ya kiwiko, nadhani hata hakujua, na alama za vidole vyake nililala nazo.

Sasa wakili nikawa na kazi. Maana kijana yule yule aliyenyamaza kwenye gari alirudi nyumbani anaruka. "Mjomba umeona? Mei alikuwa mwanafunzi. Mei, mjomba!" Akaniletea na Kevin Anderson wa Afrika ya Kusini, Mwafrika mwenzetu, aliyesoma hapo Illinois, akaondoka 2007 baada ya misimu mitatu, na 2018 akafika fainali ya Wimbledon. Nusu fainali alicheza na John Isner saa sita na dakika 36, seti ya mwisho 26–24, na wawili hao walikuwa wapinzani tangu wakiwa wanafunzi, Illinois na Georgia, kwenye fainali ya vyuo ya 2007. Ushahidi mzito, siwezi kuukana.

Usiku huo tukakaa meza ya jikoni, watatu, friji linatutazama na karatasi yake. Dada alikuwa na saa moja kabla ya kuingia zamu, tayari amevaa nguo za kazi.

Kijana akatoa hoja zake. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Baba, huyo Shelton baba yake alicheza tenisi hiyo hiyo ya kulipwa, na ndiye aliyekuwa kocha wake hapo Florida. Wewe mama yako anageuza wazee kitandani."

Kimya.

Kijana akaonyesha kuelekea chumbani, kwenye picha ya ukutani. Akasema Ashe naye hakuwa na baba tajiri. Hapo dada akanigeukia mimi, maana hiyo habari nilimsimulia mwenyewe asubuhi. Mwaka 1968 Arthur Ashe, aliyesomea chuo kikuu cha UCLA na wakati huo akiwa jeshini, alishinda US Open. Kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kugusa zawadi. Dola 14,000 akapewa Tom Okker wa Uholanzi aliyefungwa fainali, na bingwa akabaki na posho yake ya dola 20 kwa siku.

"Unaona?" dada akasema. "Hata huyo uliyembandika hakulipwa."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na hata kijana akacheka, na pale ndipo tukaweza kuongea kama watu. Nikamwambia mpwa wangu hesabu niliyoifanya kwenye kijitabu changu. Champaign nzima, bingwa, waliotoka, wawili wawili, wote, mfuko wao ni dola 53,000 na ushee. New York, miezi miwili nyuma yake, mtu aliyefungwa mechi ya kwanza ya US Open na kuondoka siku hiyo hiyo alichukua 80,000 peke yake. Na mtaa mzima kati ya hao wawili umejaa watu wa raketi sita. Mama yako hana pesa za kukupangia nyumba katika mtaa huo. Ana pesa za lenta.

Lakini niseme ukweli wangu, maana dada hasomi gazeti hili. Nusu ya moyo wangu ilitaka kumwambia mtoto nenda. Mimi nilikuwa na miaka 20 nikaambiwa subiri, na nikasubiri, na vitu nilivyovisubiri vingine havikuja. Ule mkono ulionishika pale uwanjani haukuwa wa mtu anayecheza mchezo.

Hukumu ilikuwa hivi. Pesa ya Kibaha haiguswi. Chuo kinamalizwa, maana hata Shelton mwenyewe, kijana alikiri kwa shida, aliendelea na masomo kwa kompyuta baada ya kuanza kulipwa. Kila kiangazi ataingia M15 zile anazofika kwa gari, kwa pesa ya kibarua chake. Na mjomba, hapa nikajikuta nasema, atalipia nyuzi za msimu mmoja, dola 200. Dada akaenda kazini. Nyumbani Dar mama watoto alinuna wiki mbili, kila nikiomba chai anauliza kama na yenyewe ina nyuzi.

Januari 2023 nilidhani tumepata hasara ya pili. Shelton, ambaye ushindi wa Champaign ulimwingiza katika 100 bora, alitoka nje ya Marekani kwa mara ya kwanza maishani, akaenda Melbourne akafika robo fainali. Simu yangu ikaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa. Nilisita kuufungua nusu saa. Hakuwa amesema kitu, ni pumzi tu na kelele za wanafunzi wenzake wakitazama mechi, mwishoni anasema, "Mjomba, kesho nina mtihani wa kodi."

Mambo yamebadilika kidogo tangu hapo. Mwaka 2024 mchezaji mmoja wa chuo kikuu cha North Carolina, Reese Brantmeier, aliwashtaki wakubwa wa michezo ya vyuo kwa kanuni hizo za zawadi. Mwaka huo huo binti Maya Joint alishinda mechi moja US Open, hesabu yake ikasoma dola 140,000, na kwa kuwa alikuwa amejiunga na chuo cha Texas aliruhusiwa kubaki na sehemu ndogo tu. Desemba akaaga chuo. Dada aliposikia alinipigia, sauti ya chini. "Kaka, kwa 140,000 hata mimi ningemwachia."

Kijana alihitimu Mei 2024. Julai akaingia M15, tena kwenye viwanja vya chuo kikuu, akapita mchujo, akashinda raundi ya kwanza, akashinda ya pili, akafungwa robo fainali na mtu aliyemzidi kila kitu. Dola 438. Amelipa moteli, amelipa petroli, nyuzi amefunga mwenyewe, na iliyobaki, dola 100 kamili, akaituma kwangu badala ya kwa mama yake, ikiwa na maelezo mafupi: Kibaha.

Nilinunua saruji mifuko 15. Nikaenda nayo kwenye kirikuu, nikakaa juu ya mifuko kama mfalme. Fundi akaipokea, akaihesabu mara mbili, maana tumeshagombana huko nyuma, akaniuliza safari hii pesa imetoka wapi, mbona dada wa Marekani hajapiga simu.

Nikamwambia hizi ni za robo fainali.

Akauliza, "Ya Simba au ya Yanga?"